Mtoto aanze na fungu, tebo itafuata

Mpwa wangu yuko darasa la pili, na tebo ya tano anaiimba bila kukwama: tano mara moja tano, tano mara mbili kumi, mpaka mwisho. Jumamosi tulisimama gengeni. Mezani palikuwa na mafungu manne ya nyanya, kila fungu nyanya tano. Nikamuuliza, "Tukichukua yote, tutabeba nyanya ngapi?" Akaanza kuzigusa moja moja kwa kidole. Alipofika kumi na tatu mteja mwingine akapita katikati, hesabu ikampotea, akaanza upya.

Jibu alikuwa nalo mdomoni tangu asubuhi. Hakuna aliyemwonyesha kwamba wimbo ule unahusu vitu kama hivi.

Inaniuma kwa sababu somo lenyewe tunalo mtaani. Mtoto wa kwetu hulijua fungu kabla hajajua kuandika jina lake, na anajua sharti lake: mafungu ya bei moja lazima yalingane. Moja likipungua, mteja atalalamika hapohapo na muuzaji ataongeza. Sharti hilo ndilo roho ya kuzidisha. Mafungu ya nne, nne na tano hayazidishiki. Hayo utayajumlisha tu. Darasani tunasema haraka kwamba kuzidisha ni kujumlisha kwa kurudia, tukaruka neno "sawa", kumbe ndilo lililobeba mzigo wote.

Kuna jambo la lugha pia. Tukisema "nimemwita mara nne", idadi ya marudio ni ile inayofuata neno "mara". Basi mtoto akisikia "tatu mara nne", sikio lake linamwambia: chukua tatu, mara nne. Atachora mafungu manne ya vitu vitatu. Nimewahi kuona daftari la mtoto aliyechora hivyo akawekewa kosa, eti ilipaswa kuwa mafungu matatu ya vitu vinne. Alichora alichosikia, tena kwa Kiswahili fasaha! Mwalimu na achague mpangilio mmoja wa kuanzia na aufafanue, lakini asimwadhibu mtoto kwa kuielewa lugha yake.

Kwamba majibu hayo mawili yanalingana, mtoto aone kwa macho. Trei ya mayai inatosha. Ina mayai 30: ishike hivi, ni safu tano za mayai sita, igeuze, ni safu sita za mayai tano. Hakuna yai lililoongezeka. Kreti ya soda ya chupa 24 hufanya kazi hiyohiyo, nne kwa sita. Na nyumba yenye bao ina utajiri mkubwa zaidi: safu nne za mashimo manane, mashimo 32. Katika bao la kujifunza kila shimo huanza na kete mbili, ndiyo maana kete ni 64. Mpe mtoto azipange mwenyewe, kisha muulize zimefikaje 64 bila kuzihesabu zote.

Tebo siipingi. Mtoto atazihitaji, na kuzikariri kunampa kasi. Ila zije baada ya wiki kadhaa za vizibo, kokoto na sahani, wakati kila mstari wa wimbo una picha nyuma yake. Hapo hata akisahau sita mara saba, atakumbuka sita mara sita, aongeze fungu moja la sita, afike.

Jumapili tulikaa mkekani na vizibo vya soda na sahani tano. Tulipanga viwili viwili, vitatu vitatu, akawa anajibu kabla sijamaliza kuuliza. Mwisho nikaondoa vizibo vyote, nikaziacha sahani. Sifuri mara tano? Shuleni amekuwa akiandika tano. Alizitazama sahani zile kwa muda.

"Mjomba, mafungu yapo, lakini ndani hamna kitu."