Entiti Ijigeuze Yenyewe Kuwa JSON, au Igeuzwe?

Entiti ya Doctrine ni kitu cha PHP kinachowakilisha rekodi ya hifadhidata; Doctrine ndiyo maktaba inayoviunganisha. Ukiipa json_encode, kitendakazi cha PHP kinachogeuza data kuwa maandishi ya JSON ya kutumwa kwa programu nyingine, mara nyingi unarudishiwa mabano matupu: {}. Si hitilafu. Kitendakazi hicho huona sifa za wazi (public) tu, na entiti iliyoandikwa vizuri huficha zake. Hapo ndipo wasanidi wa PHP wanapogawanyika.

Wapo wanaotaka entiti ijieleze yenyewe. Tangu PHP 5.4 kuna kiolesura (interface) kiitwacho JsonSerializable: unaandika jsonSerialize() ndani ya klasi, unataja kinachoruhusiwa kutoka, basi. Kwa huduma ndogo inayotumiwa na programu moja, sioni ubaya wowote.

Mambo hubadilika entiti zinapohusiana. Mteja ana oda, oda nayo ina mteja. Kila mmoja akimtoa mwenzake, json_encode hugundua mzunguko na kurudisha false, tena kimya kimya usipoweka JSON_THROW_ON_ERROR, chaguo linaloifanya itupe kosa waziwazi. Halafu Doctrine haileti uhusiano mpaka uguswe, kwa hiyo orodha ya oda 100 za wateja tofauti yaweza kuipigia hifadhidata hodi mara 101. Na jsonSerialize() haijui nani anauliza, msimamizi au mgeni.

Wengine huunda klasi ndogo ya kubebea data, yaani DTO, na kuhamishia humo vile tu vinavyotakiwa. Lawama wanayotupiwa inajulikana: kuandika kitu kilekile mara mbili. Ilikuwa na uzito zamani. Tangu PHP 8.1, kwa readonly (sifa isiyobadilishwa ikishawekwa) na sifa zinazotangazwa ndani ya konstrakta, klasi hiyo ni mistari michache. Kinachonivuta upande huu ni aina ya kosa. Ukisahau sifa kwenye DTO, anayeitumia huduma atalalamika siku hiyohiyo. Ukisahau kuficha sifa kwenye entiti, nywila iliyofumbwa hutoka nje na hakuna anayelalamika. OWASP, shirika la usalama wa programu, iliweka utoaji wa data kupita kiasi nafasi ya 3 katika orodha yake ya mwaka 2019 ya hatari za API, yaani milango ambayo programu hutumia kuwasiliana.

Makundi ya Serializer ya Symfony (mfumo wa PHP), ambapo kila sifa ya entiti huwekewa lebo ya kundi na wewe huchagua kundi la kutoa, ni njia ya kati. Ni mazuri yakiwa mawili; yakizidi, kujua nini kinatoka wapi huwa kazi ya upelelezi.

Tarehe pia husahaulika. DateTime ikiachwa hivyo hutoka kama kitu chenye date, timezone_type na timezone, umbo ambalo nje ya PHP halina kazi. Popote unapogeuzia, iandike kwa DATE_ATOM, muundo wa kawaida wa tarehe ambao lugha nyingine pia huusoma.