Florida State 2023: hoja ya mashabiki dhidi ya ESPN iliyopotea kwenye kelele

Tarehe 3 Desemba 2023 kamati ya uteuzi ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo ilitangaza timu nne za kugombea ubingwa wa taifa: Michigan, Washington, Texas na Alabama. Florida State walikuwa wameshinda michezo 13 kati ya 13, na usiku uliotangulia walikuwa wametwaa ubingwa wa ligi ya ACC, mojawapo ya ligi kubwa za vyuo. Wakapewa nafasi ya tano. Alabama, waliopoteza mchezo mmoja, wakaingia. Tangu mfumo wa timu nne uanze mwaka 2014, hakuna bingwa wa ligi kubwa aliyemaliza bila kupoteza ambaye alikuwa ameachwa nje.

Hasira za Tallahassee, mji wa Florida State, zilianzia kwa kamati, zikahamia haraka kwa ESPN, kituo cha televisheni kilichokuwa na haki za kuonyesha mchujo wote, yaani michezo ya timu hizo nne. Mashabiki walisema kituo kiliitaka Alabama kwa sababu ya mkataba wake na ligi ya SEC wanayochezea Alabama, na kwamba wachambuzi wake walikuwa wametumia wiki mbili kuwazoesha watazamaji wazo la Florida State kukatwa. Watani wao wa jadi, Chuo cha Florida huko Gainesville na Chuo cha Miami, ambao wote wawili walikuwa wamefungwa na Florida State mwezi huo wa Novemba, walipata cha kuchekea. Wengine wasio na upande waliyachukulia madai hayo kama malalamiko ya kawaida ya timu iliyokosa nafasi.

Naona hukumu hiyo ilitolewa upesi mno. Mashabiki wale walikuwa na hoja mbili, na walipojibiwa ilijibiwa moja tu, ile dhaifu.

Dhaifu ni ile ya njama. ESPN haina kura. Kamati ina wajumbe 13, wengi wao wakurugenzi wa michezo wa vyuo na makocha wa zamani. Mwenyekiti wa mwaka ule, Boo Corrigan, alikuwa mkurugenzi wa michezo wa NC State, chuo cha ACC hiyohiyo. Haki za matangazo za ACC nazo ziko mikononi mwa ESPN, na kituo cha ACC Network ni chake. Hata ndani ya studio hawakuzungumza kwa sauti moja: Booger McFarland, aliyecheza LSU, chuo cha SEC, aliushambulia uamuzi ule hewani siku ileile ulipotangazwa. Mwanasheria mkuu wa Florida, Ashley Moody, alifungua uchunguzi na kudai nyaraka, lakini madai ya njama hayakupata ushahidi hadharani.

Tena kamati ilikuwa na cha kushika. Kwotabeki Jordan Travis, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, aliumia mguu vibaya tarehe 18 Novemba dhidi ya North Alabama, na msimu wake ukaishia hapo. Msaidizi wake, Tate Rodemaker, akaumia kichwa dhidi ya Florida. Fainali ya ACC ikaangukia kwa Brock Glenn, kijana wa mwaka wa kwanza, aliyekamilisha pasi 8 kati ya 21 kwa yadi 55 tu. Siku hiyohiyo Alabama waliwafunga Georgia 27-24, timu iliyokuwa imeshinda michezo 29 mfululizo. Kanuni za kamati zinaruhusu kuzingatia mchezaji muhimu asiyepatikana. Mjumbe aliyesema kwa dhati kwamba Alabama ya siku ile ni bora kuliko Florida State ya siku ile hakuwa amepotoka akili wala hakuwa amenunuliwa.

Lakini kanuni hiyo inamtaka mjumbe atabiri, na hapo ndipo hoja ya pili inapoanza. Je, matokeo ya uwanjani yanaweza kuondolewa na makisio ya mchezo ambao haujachezwa? Na makisio hayo yanapikwa wapi?

Mwaka 2014, mwaka wa kwanza kabisa wa mfumo ule, Ohio State walimpoteza kwotabeki wao Braxton Miller kabla ya msimu kuanza. Mrithi wake, J.T. Barrett, akavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan mwishoni mwa Novemba. Akabaki Cardale Jones, chaguo la tatu, ambaye hakuwa ameanza mchezo hata mmoja ngazi ya chuo. Tena Ohio State walikuwa na doa ambalo Florida State hawakuwa nalo, kwani walifungwa na Virginia Tech nyumbani kwao, 35-21. Kamati ikawaingiza nafasi ya nne. TCU, waliokuwa nafasi ya tatu na wakashinda mchezo wao wa mwisho 55-3, wakashushwa hadi ya sita. Ohio State wakaifunga Alabama 42-35, wakaifunga Oregon 42-20, wakabeba ubingwa wa taifa na kwotabeki wa tatu.

Jibu la kawaida ni kwamba Jones aliishinda Wisconsin 59-0 katika fainali ya ligi, wakati Glenn alishinda 16-6. Tofauti hiyo ni ya kweli. Ila tuifuate hadi mwisho. Inamaanisha kwamba kwa timu iliyokosa makwotabeki wawili haitoshi kushinda fainali ya ligi yake dhidi ya Louisville, lazima ishinde kwa namna inayopendeza machoni. Florida State walishinda kwa ulinzi. Waliwazuia wapinzani kupata hata mguso mmoja (touchdown), na katika futiboli ulinzi ni nusu ya mchezo. Alabama nao hawakuwa na msimu wa kupendeza kila wiki. Septemba waliishinda South Florida 17-3 kwa tabu, baada ya kufungwa na Texas 34-24 nyumbani kwao. Wiki moja kabla ya kuifunga Georgia walikuwa ukingoni mwa kufungwa na Auburn, wakaokolewa na pasi ya mguso katika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho, wakiwa na yadi 31 za kwenda. Alabama wakasifiwa kwa kujua kushinda siku mbaya. Florida State waliposhinda siku mbaya, ushindi ukageuka ushahidi dhidi yao.

Mashabiki waliligundua hilo wakalisema, na ndipo walipoikuta ESPN njiani. Desemba 2020 kituo hicho kilitia saini mkataba wa miaka 10 na SEC, kwa takriban dola milioni 300 kwa mwaka, kuchukua michezo ambayo kituo cha CBS kilikuwa kikiilipia takriban milioni 55. Mkataba ulikuwa uanze 2024. Fainali ya Alabama na Georgia ya tarehe 2 Desemba 2023 ndiyo iliyofunga zama za CBS na SEC. Florida State wangeingia badala ya Alabama, ingekuwa mara ya kwanza tangu 2014 kwa mchujo kufanyika bila timu ya SEC, maana Texas ilikuwa bado katika ligi ya Big 12, na ingetokea miezi michache kabla ya ESPN kuanza kulipia bidhaa hiyo. Nusu fainali ya Michigan na Alabama ikatazamwa na watu takriban milioni 27. Machi 2024 ESPN ikaongeza mkataba wa mchujo wenyewe kwa takriban dola bilioni 1.3 kwa mwaka.

Hayo yote hayathibitishi kwamba kuna mtu alimpigia mjumbe simu. Hakuna aliyehitaji kupiga. Kampuni ileile inanunua ligi, inanunua mchujo, inatangaza viwango vya kamati kila Jumanne kwenye kipindi chake, kisha inawalipa watu wa kuvijadili hadi Jumanne inayofuata. Kwa wiki mbili swali lililorushwa lilikuwa kama Florida State bila Travis ni timu ileile. Ni swali halali, lakini lilichaguliwa. Lingeweza kuulizwa jingine, kwa mfano bingwa asiyefungwa afanye nini zaidi. Wajumbe wa kamati wanaishi katika nchi hiyo, wanatazama televisheni hizo, na neno “bora” linalotawala mjadala wao ndilo lililotawala studio. Katika kesi yoyote ya kawaida, mtu mwenye maslahi kiasi hicho angetakiwa kuyatamka kabla ya kufungua mdomo.

Travis mwenyewe aliandika kwamba anatamani mguu wake ungevunjika mapema zaidi msimu ule, ili watu waone timu ilikuwa zaidi ya kwotabeki. Kijana anatamani kuumia mapema ili wenzake wahesabiwe haki. Sioni namna ya kulisoma hilo halafu ukaendelea kuwaita watu wa Tallahassee walalamikaji.

Kisha ikaja Orange Bowl, mchezo wa nje ya mchujo waliopewa Florida State, tarehe 30 Desemba, Georgia 63, Florida State 3. Hadi leo matokeo hayo ndiyo kauli ya kufungia mjadala: mnaona, hawakustahili. Lakini zaidi ya wachezaji 20 wa Florida State hawakucheza. Wengine walikuwa wanajiandaa kwa ligi ya kulipwa ya NFL, wengine walikuwa wamehama chuo, wengine majeruhi. Wangekuwa kwenye mchujo, wengi wao wangekuwa na sababu ya kubaki. Kirby Smart, kocha wa Georgia aliyeshinda mchezo ule, alisimama baadaye na kusema hali hiyo inahitaji kurekebishwa. Matokeo ya timu iliyosambaratika kwa sababu ya kuachwa hayawezi kuwa sababu ya kuiacha.

Upo upande wa chuo ambao mashabiki hawapendi kuugusa, na haki inadai uguswe. Tarehe 22 Desemba 2023 bodi ya Florida State iliishtaki ACC kuhusu mkataba na fedha za matangazo. Kesi ikamalizwa Machi 2025 kwa makubaliano ambayo sehemu ya mapato inagawiwa kwa kuangalia ni timu ipi inatazamwa zaidi. Chuo kilichosema kimeporwa mezani na nguvu ya televisheni kikajipatia fungu kutoka kwenye nguvu hiyohiyo. Anayewakumbusha hilo hawaonei. Isipokuwa shabiki hakai kwenye bodi, na madai yake ya Desemba yalihusu michezo 13 iliyochezwa.

Mwaka 2024 mchujo ukapanuliwa hadi timu 12, na mabingwa watano wa ligi wakahakikishiwa nafasi, kwa hiyo bingwa wa ligi kubwa asiyefungwa hatarajiwi kuachwa tena. Ubishi ukahamia kwenye nafasi za mwisho. Kamati iliichagua SMU, iliyokuwa 11-2 (ushindi 11, vipigo 2), ikaiacha Alabama ya 9-3. SMU wakafungwa na Penn State 38-10, Indiana wakafungwa na Notre Dame 27-17, na mara sauti zikapaa studioni kwamba timu hizo hazikuwa na hadhi ya kuwepo. Usiku wa siku hiyo waliyofungwa SMU, Tennessee ya SEC ilifungwa na Ohio State 42-17. Hadhi ya Tennessee haikujadiliwa kwa ukali ule. Tarehe 31 Desemba Alabama, ambao tuliambiwa walidhulumiwa, wakafungwa na Michigan 19-13.

Viwango vya Jumanne havina kazi ya lazima katika kumpata bingwa. Kamati inaweza kukutana mara moja, siku ya mwisho, baada ya fainali zote za ligi kuchezwa, na kipindi hicho kikafutwa. Kitu pekee kitakachopotea ni saa kadhaa za matangazo mwezi Novemba.