Urea Haiachwi Juu ya Udongo

Mkulima akisema ameweka mfuko mmoja wa urea shambani, bado hatujajua mazao yake yamepata nini. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 hubeba kilo 23 za kirutubisho hicho, na hakuna mbolea nyingine ya punje inayotumika kwa wingi iliyo na kiwango kikubwa kama hicho. Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya mfuko. Hesabu ya mmea huanza pale punje zinapogusa udongo, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza mali bila kujua, kwa sababu tunaimwaga urea juu ya ardhi, tunaiacha wazi, kisha tunageuka na kwenda zetu.

Ili kuelewa hasara hiyo inatokeaje, inafaa kukumbuka urea ni kitu gani. Ni kemikali ileile iliyomo katika mkojo wa watu na wanyama, ambayo mwanakemia Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara mwaka 1828 bila kuhitaji figo ya kiumbe yeyote, na ambayo leo viwanda huitengeneza kwa kuunganisha amonia na hewa ya ukaa kwa joto na mgandamizo mkubwa. Anayefuga anaijua harufu kali ya zizi lisilosafishwa, ile inayochoma pua na kutoa machozi. Harufu hiyo ni amonia inayotoka kwenye mkojo baada ya urea yake kuvunjwa na kimeng'enya, yaani kichocheo cha mabadiliko ya kikemia, kiitwacho urease. Kimeng'enya hicho kimejaa pia katika udongo, na kimejaa zaidi katika majani makavu na mabaki ya mazao yaliyotandazwa juu yake. Punje ya urea ikilowa tu, kazi huanza: udongo unaoizunguka hupanda pH, yaani hupungua tindikali, amonia huzalishwa, na kama yote hayo yanafanyika juu kabisa, hakuna kinachoizuia amonia hiyo kupeperuka.

Mtu yeyote anaweza kulithibitisha jambo hili kwa pua yake mwenyewe. Chukua chupa mbili za plastiki zenye mdomo mpana, utie katika kila moja udongo wenye unyevu kiasi. Katika ya kwanza nyunyiza kijiko cha urea juu, na katika ya pili ichimbie kijiko kama hicho chini kabisa na uishindilie udongo wa kutosha juu yake. Zifunge, uziweke mahali penye joto kwa siku mbili au tatu, kisha uzifungue moja baada ya nyingine. Nilipoifanya hivyo mimi, ya kwanza ilinifanya nirudishe kichwa nyuma, na ya pili ilinukia udongo. Harufu ile ya chupa ya kwanza ndiyo naitrojeni iliyonunuliwa, ikabebwa, na kurushwa kwa jasho.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri unaorudiwa mno, kwamba urea iwekwe baada ya mvua, ardhi ikiwa imelowa. Ushauri huo umekatwa nusu. Unyevu mdogo unatosha kuyeyusha punje lakini hautoshi kuizamisha, na jua likiwaka kesho yake pamoja na upepo, urea iliyoyeyuka juu hupotea vibaya kuliko ile iliyobaki kavu. Katika mazingira ya namna hiyo hasara inaweza kufika theluthi moja au kuzidi, yaani zaidi ya kilo saba katika zile 23 za mfuko. Kinachookoa mbolea ni mvua ya kutosha inayokuja baada ya kuiweka, kama milimita 10 hadi 15, au maji ya umwagiliaji ya kiasi hicho. Na kwa kuwa mvua haina ahadi na mtu, kilicho mikononi mwa mkulima ni jembe.

Kufukia kwenyewe si jambo gumu kulieleza. Chora mfereji mdogo kandokando ya mstari wa mazao, kiasi cha sentimita 10 kutoka kwenye shina, wenye kina cha sentimita tano au zaidi kidogo, utie urea na ufunike. Najua inachosha, na sitamlaumu mwenye shamba kubwa na mikono michache anayeona kazi hiyo haiwezekani. Lakini ikipangwa siku ya palizi, udongo unaovutwa kuelekea shina unaweza kufanya kazi mbili kwa pigo moja. Katika mpunga mambo ni tofauti kidogo: kurusha urea ndani ya maji yaliyosimama ni kuilisha hewa, na ni afadhali kuiweka kwenye tope maji yakiwa yametolewa, kisha kuyarudisha, au kutumia urea ya vidonge vikubwa vinavyozamishwa kwa mkono.

Isiwekwe shimo moja na mbegu, kwa sababu amonia ileile huunguza chipukizi. Na isiwekwe yote kwa mara moja. Baada ya muda mfupi bakteria wa udongo huibadilisha kuwa naitreti, ambayo mizizi huipenda lakini haishikwi na udongo, hivyo mvua kubwa huishusha chini kusikofikika. Mahindi yakiwa magotini huanza kuhitaji naitrojeni kwa kasi, na sehemu ya pili inaweza kusubiri hadi karibu na kutoa mbelewele.

Wapo wanaosema urea inaua udongo. Neno hilo ni kali kupita kiasi, ingawa lina chembe ya ukweli: ule ubadilishaji wa kuwa naitreti huacha tindikali, na kwa makadirio ya kawaida kila kilo ya naitrojeni kutoka kwenye urea huhitaji karibu kilo 1.8 za chokaa kuituliza. Samadi na mazao ya jamii ya mikunde husaidia sana, na mimi siweki urea bila samadi. Ila kilo iliyopeperuka hewani haikumsaidia mtu yeyote, iwe unaipenda mbolea hii au huipendi.

Anayesita ajaribu msimu ujao katika mistari minne tu ya mahindi: miwili aimwagie juu, miwili afukie kiasi kilekile, siku ileile. Baada ya wiki tatu ainame atazame majani ya chini. Mmea wenye njaa ya naitrojeni huanza kugeuka njano kwenye ncha ya jani la zamani, na njano hiyo hurudi nyuma kwa kufuata uti wa kati, ikichora umbo la V.