Udumavu wa Iringa: Ni Chakula au Ni Utumbo?

Iringa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, lakini utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Njombe na Rukwa zilifuata kwa takriban asilimia 50 kila moja. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto anapewa uji mtupu wa mahindi, na mayai na maziwa yanauzwa badala ya kuliwa. Wapo wataalamu wanaoona kwamba maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa hata chakula kinachofika tumboni kinaweza kukosa njia ya kuingia mwilini.

Hoja yao ina uzito. Ukuta wa utumbo mwembamba umefunikwa na tabaka moja tu la seli, ambalo hujijenga upya kila baada ya siku chache. Seli zilizo nyingi zaidi hufyonza virutubisho. Kati yake zipo zinazotoa ute wa kuwazuia bakteria wasiuguse ukuta, na chini kabisa, katika vishimo vilivyo kati ya vinyweleo vya utumbo (vijitokezo vidogo kama vidole vinavyofyonza chakula), zipo seli za Paneth, zilizopewa jina la Joseph Paneth wa Vienna aliyezichunguza katika karne ya 19. Seli hizi hutoa kemikali za kuua bakteria, zikiwemo defensini na lisozaimu, na pia huzipa seli shina zilizo jirani nazo, yaani zile zinazozaa seli mpya za ukuta, ishara za kuendelea kuzaliana. Zikidhoofika, ulinzi hupungua na ukarabati wa ukuta hudorora kwa wakati mmoja. Uchunguzi wa vipande vya utumbo wa watu wazima nchini Zambia, uliochapishwa mwaka 2004, uliona seli za Paneth zikiwa zimepungukiwa na akiba ya kemikali hizo kwa watu wenye lishe duni na wenye maambukizi ya VVU. Kwa mtoto anayetambaa kwenye uwanja wenye kinyesi cha kuku, uharibifu wa aina hii unaweza kuendelea bila kuhara: vinyweleo hufupika, ufyonzaji hupungua, na kinga ya mwili hutumia nguvu ambayo ingemkuza.

Hata hivyo, nadharia hiyo ilipojaribiwa, matokeo hayakuwa mazuri. Majaribio makubwa ya vyoo, kunawa mikono na maji yaliyotibiwa, yaliyochapishwa mwaka 2018 kutoka Kenya na Bangladesh na mwaka 2019 kutoka Zimbabwe, hayakuongeza urefu wa watoto. Kilichosaidia Zimbabwe ni nyongeza ya chakula chenye virutubisho pamoja na ushauri wa ulishaji, vilivyopunguza udumavu kutoka asilimia 35 hadi 27. Hapa kwetu, huko Haydom mkoani Manyara, jaribio la kuwapa watoto wadogo dawa za kuua vimelea vya utumbo nalo halikuwaongezea urefu. Watetezi wa nadharia ya utumbo hujibu kwamba choo kimoja na sabuni havikutosha kumtenga mtoto na uchafu wa uwanjani. Jibu hilo ni la haki, lakini halmashauri yenye bajeti finyu haiwezi kulijengea mpango mzima wa lishe. Na upande wa chakula nao usijisifu mno, kwa kuwa asilimia 27 ya watoto waliodumaa baada ya kulishwa vizuri zaidi bado ni wengi.

Ninavyoona, mabishano haya yanaitenganisha sahani na utumbo kupita kiasi, hasa katika nyanda ambako sahani ni mahindi. Ukungu wa fuzari, unaoyashambulia mahindi yakiwa bado shambani, hutoa sumu iitwayo fumonisini, ambayo katika wanyama na katika seli za maabara huvuruga utengenezaji wa mafuta yanayounda utando wa seli na kulegeza ukuta wa utumbo. Utafiti uliofanyika Iringa, Tabora na Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba watoto wenye fumonisini nyingi zaidi katika mkojo walikuwa wafupi zaidi kulingana na umri wao. Huo ni uhusiano tu, wala hauthibitishi kwamba sumu ndiyo chanzo, lakini unaonyesha jinsi uji uleule unavyoweza kuwa lishe na madhara kwa pamoja.

Hapo ndipo ushauri tunaowapa akina mama unapohitaji uangalifu. Tunawahimiza wasage dona ili virutubisho vya ganda visipotee, ilhali fumonisini nayo hukusanyika zaidi kwenye ganda, na kukoboa huipunguza. Simaanishi turudi kwenye sembe. Ninachosema ni kwamba punje zilizovunda, zilizobadilika rangi au kutobolewa na wadudu zichaguliwe na kutolewa kabla mahindi hayajapelekwa mashineni, na zisirudishwe jikoni kwa kisingizio cha kupika komoni, pombe ya kienyeji, kwa kuwa kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo kwa kiwango cha kuaminika. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, ila inachukua muda, na muda ndio mama wa wilaya za Kilolo au Mufindi mkoani Iringa anaokosa wakati wa mavuno. Kwa hiyo mpango wa lishe unaompa ujumbe bila kumpunguzia kazi, kwa mfano kwa kuweka huduma ya kuchambua mahindi palepale mashineni, utakuwa umemwachia mzigo uleule alioushindwa mwaka jana.