Modeli ya pikipiki na dereva wake: anza na dereva

Nasema wazi kabisa, ukiwa na seti ya modeli, yaani vipande vidogo vya plastiki vya kuunga na kupaka rangi mwenyewe, yenye pikipiki na dereva, anza na dereva. Najua wengi wanakimbilia pikipiki na naelewa kwa nini, ndo yenye injini, ekzosi, tangi la kung'arisha, halafu sanamu ya dereva inaachwa ya mwisho kama nyongeza tu. Mi sikubaliani kabisa. Mtu yeyote akiangalia modeli yako macho yake yanaenda usoni kwanza, na uso ukiwa hovyo hakuna atakayepoteza muda kukagua spoku.

Kitu kinachofanya pikipiki iwe ngumu kuliko tenki au lori ni kwamba dereva wake yuko nje, anaonekana mzima, na anaigusa mashine sehemu tano kwa wakati mmoja, yaani makalio kwenye kiti, mikono miwili kwenye usukani, miguu miwili kwenye sehemu za kukanyagia. Zote tano zigusane kweli. Ikibaki nafasi ya nusu milimita tu kati ya suruali na kiti, kwenye skeli ya 1/35, yaani modeli ndogo mara 35 kuliko kitu halisi, hiyo ni kama sentimita 1 na nusu na ushee ya hewa, dereva anaelea, na hata upake rangi vizuri vipi haitasaidia.

Kwa hiyo mimi kabla ya rangi naunga kwanza fremu, kiti, usukani na sehemu za kukanyagia, naweka kipande cha utepe mwembamba juu ya kiti ili gundi isishike, afu namkalisha dereva hapo hapo na kumuunga mikono na miguu akiwa amekaa. Gundi ya plastiki inayeyusha plastiki kidogo ndo inashikamana, na ile nzito haikauki haraka, so unapata muda wa kusogeza kiwiko, kuzungusha kifundo, mpaka vidole vikae kwenye hendeli sawasawa. Mwache mpaka kesho yake. Ukimtoa anatoka na mkao wa pikipiki hiyo hiyo, unampaka rangi pembeni kwa raha zako na ukimrudisha anaingia bila kulazimisha. Nafasi ikibaki kwenye makalio jaza patti ya epoksi, ule udongo wa kuchanganya unaokuja kuwa mgumu, na uichonge mikunjo ya suruali, hiyo ndo kazi ninayoipenda kuliko zote.

Na tafadhali ijue mashine yenyewe kabla hujamkalisha mtu. Chukua Harley-Davidson WLA ya jeshi la Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia, klachi yake iko mguu wa kushoto na gia inabadilishwa kwa mkono wa kushoto kwa wenzo ulioko pembeni ya tangi, kwa hiyo dereva aliyeshusha mkono wa kushoto kwenye tangi hajapumzika, anabadilisha gia, na mguu wake wa kushoto lazima uonyeshe hivo. BMW R75 ya Wajerumani nayo, ile yenye kigari cha pembeni ambacho gurudumu lake linasukumwa na injini, haina springi gurudumu la nyuma, na WLA ni hivo hivo. Anayebeba mshtuko ni kiti chenye springi. Sasa kiti hicho kikiwa kimenyooka kama hakuna mtu juu yake wakati kuna mwanaume mzima na koti lake na bunduki, mi hapo modeli imeshanipoteza.

Uso sasa. Kwenye 1/35 mtu wa sentimita 175 anakuwa milimita 50, kichwa hakifiki hata milimita 7, kwa hiyo nakipaka peke yake kikiwa kwenye kijiti. Akriliki, yaani rangi ya maji, ya rangi ya ngozi kwanza, ikikauka kabisa vivuli naweka kwa rangi ya mafuta, chini ya ukingo wa kofia, pembeni ya pua, chini ya mdomo. Rangi ya mafuta inachelewa kukauka na hiyo ndo raha yake, unalainisha mipaka taratibu kwa brashi safi. Macho usiweke nyeupe tupu, mtu anayepigwa na upepo anafinya macho, mstari wa kahawia iliyokolea unatosha.

Kwenye pikipiki za kiraia za 1/12 kuna suala la kromu, ile ngozi ya kung'aa kama chuma ambayo vipande vinakuja nayo kutoka kiwandani. Gundi ya plastiki haishiki juu ya kromu, kwangua pale vipande vinapokutana, au uitoe yote kwa jiki na upake upya, rangi ya metali juu ya nyeusi inayong'aa. Mimi naitoa, ile ya kiwandani naiona nene.

Vumbi linatakiwa liwe moja. Naona watu wanachafua pikipiki matope mpaka kwenye tangi afu buti za dereva zinang'aa. Mchanganyiko ule ule uliopaka kwenye madgadi upake kwenye buti, magoti na pindo la koti, siku hiyo hiyo, kabla hujasahau uliuchanganyaje. Ukishamaliza ndo unamgandisha dereva moja kwa moja, makalio kwanza, mikono mwisho, na kioo cha taa ya mbele tumia gundi nyeupe ya mbao maana supaglu inakiachia ukungu.