Kumpima kijana huruma: alama zisomwe na nani?

Dodoso la kupima huruma ya kijana lina sentensi 24. Kijana mwenyewe, mzazi wake au mwalimu huzipitia moja baada ya nyingine na kuipa kila moja alama, kuanzia 0 kwa isiyo kweli hata kidogo hadi 3 kwa iliyo kweli kabisa. Sentensi zenyewe hazitishi: hujuta akikosea, hujali wenzake wanavyojisikia, hashughuliki kufanya kazi yake vizuri, huficha yaliyomo moyoni. Alama zikishajumlishwa, inatarajiwa ijulikane kama kijana huyu anayepiga, kuiba na kudanganya ni mkorofi kama wakorofi wengine, au ni mkavu: hana huruma, hajuti, hatetereki.

Aliyelitunga ni mwanasaikolojia wa Marekani, Paul Frick, mwaka 2004, kwa sababu kipimo chake cha awali kilikuwa na maswali sita tu juu ya ukavu. Kando yake ipo orodha ya vipengele 20 kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, iliyotokana na kazi ya Robert Hare wa Kanada juu ya wafungwa watu wazima. Hiyo hujazwa na mtaalamu baada ya mahojiano marefu na kusoma jalada la kijana.

Wanaovitetea vipimo hivi wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyopenda kukiri. Vijana wengi wakorofi hulipuka kwa hasira, kisha wakajuta. Wachache hudhuru kwa utulivu na kwa faida. Mwaka 2005 Essi Viding na wenzake walichunguza mapacha wa miaka 7 nchini Uingereza, wakakuta kwamba ukorofi ulioambatana na ukavu ulitokana na urithi kwa takriban asilimia 80, na usioambatana nao kwa takriban 30. Mwaka huohuo, Australia, David Hawes na Mark Dadds walifuatilia wavulana wadogo ambao wazazi wao walikuwa wakipewa mafunzo ya malezi. Kumtenga mtoto kwa dakika chache akikosea kuliwasaidia wengine, lakini kwa wale wakavu hakukufua dafu. Kusifiwa na kupewa zawadi kuliwafaa wote. Utafiti huu wa pili nauthamini zaidi, maana asilimia ya urithi haimwambii mama afanye nini mwanawe akimuumiza mdogo wake kwa mara ya tatu.

Kwa ushahidi wa namna hii, mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani uliingiza jambo hili mwaka 2013. Haukulifanya ugonjwa mpya. Uliweka kiambatisho juu ya tatizo la mwenendo, yaani ukorofi mkubwa unaodumu, kinachotaka dalili mbili kati ya nne zilizodumu miezi 12, tena katika mahusiano na mazingira zaidi ya moja.

Sasa upande wa pili, na hapa kuna mambo mengi. Kwanza, anayejibu ni nani? Kijana anayesemekana kuwa mwongo anaulizwa kama ana huruma. Aliyeko mahabusu ana sababu ya kujifanya mgumu kuliko alivyo, kwa kuwa huko anayeonekana laini huonewa. Mama amechoka, mwalimu anamwona darasani tu, na majibu yao mara nyingi hayaoani. Halafu nusu ya sentensi zimeandikwa kwa upande wa wema na nusu kwa upande wa ubaya. Wachambuzi wa takwimu wameonyesha kwamba sehemu ya dodoso inayoitwa ya kutojali imejengwa karibu yote na sentensi za wema, hivyo huenda inapima namna ya kuuliza kuliko tabia. Nayo sehemu ya kuficha hisia ina uhusiano hafifu na uhalifu. (Kwetu, ambako mvulana huambiwa mwanamume halii, wengi tungejizolea alama hizo bure.)

Lakini doa linalonisumbua zaidi ni jingine. Eva Kimonis na wenzake wameonyesha kwamba wenye alama za juu si kundi moja. Wapo wasio na woga tangu wadogo, na wapo waliojaa wasiwasi, wengi wao wakiwa wamepigwa au kunyanyaswa mpaka wakazima hisia ili waishi. Ukijumlisha alama tu, wote wawili wanatoka sawa, ilhali wa pili anahitaji kutibiwa majeraha ya nafsi. Tena alama hazigandi: Donald Lynam alipolinganisha vipimo vya umri wa miaka 13 na vya 24, uwiano ulikuwa takriban 0.3 (1 ingekuwa kulingana kabisa, 0 kutohusiana). Ni uhusiano wa kweli, ila ni mdogo mno kumtabiria mtu maisha.

Kosa la kliniki linaweza kurekebishwa wiki ijayo. Mahakamani sivyo. Katika kesi ya Roper dhidi ya Simmons, mwaka 2005, Mahakama Kuu ya Marekani ilipofuta adhabu ya kifo kwa waliotenda kosa kabla ya miaka 18, ilisema hata wataalamu hupata shida kumtofautisha kijana ambaye hajakomaa na yule adimu aliyeharibika moja kwa moja. Hata hivyo, vipimo vya ukavu vimeendelea kupelekwa kwenye mashauri ya kuwahamishia vijana mahakama za watu wazima, vikitumika kudai kwamba huyu hatibiki. Madai hayo yanapingana na ushahidi. Kituo cha Mendota, Wisconsin, tangu 1995 kimepokea vijana walioshindikana kwingine, wengi wao wenye alama za juu, na waliotibiwa humo walirudia uhalifu wa kikatili kwa kiwango cha chini kuliko wenzao waliobaki kwenye magereza ya vijana.

Kwa hiyo naona dodoso libaki kliniki, likiandamana na maswali juu ya manyanyaso, na lirudiwe kila baada ya muda badala ya kukaa jaladani kama hukumu. Kwenye hukumu lisiingie. Mawakili wa utetezi watalalamika, na wana haki: wakati mwingine alama hizohizo ndizo zinazoweza kumshawishi hakimu ampeleke mteja wao kwenye tiba badala ya gereza. Basi mlango huo waachiwe wao peke yao, na anayeupitia aje na jina la kituo kilicho tayari kumpokea kijana.