Tela la Ekseli Moja au Mbili: Breki Kwanza, Magunia Baadaye

Mpunga unapovunwa katika bonde la Usangu, wilayani Mbarali, matrekta huacha majembe na kufungwa matela, na kila anayetaka kununua tela hukutana na swali lilelile: achukue la ekseli moja, yaani mhimili mmoja wa magurudumu, au la ekseli mbili?

Wanaotetea ekseli moja wana hoja nzito. Sehemu ya mzigo hulala juu ya ndoano ya trekta, kwa hiyo magurudumu makubwa ya nyuma hukandamizwa na kushika ardhi hata kwenye tope la majaruba. Tela hilo hurudi nyuma bila taabu, na likiwa na jeki ya haidroliki humwaga mchanga au kokoto bila vibarua. Faida hiyo, hata hivyo, inategemea sana upangaji wa mzigo: ukirundikwa mbele mno, tairi za mbele za trekta huwa nyepesi na usukani hautii, ukirundikwa nyuma mno, ndoano huinuliwa na tairi za nyuma huanza kuteleza.

Tela la ekseli mbili hujibebea uzito wake lenyewe, trekta likabaki na kazi ya kuvuta tu, na kwa kuwa husimama sawa hata likifunguliwa, vibarua wanaweza kulipakia wakati trekta liko kwenye kazi nyingine. Tatizo ni kulirudisha nyuma, na kwenye tope trekta jepesi hulemewa nalo.

Kwa kazi ya shambani pekee, ningechagua ekseli moja. Ila naona mjadala huu wote umeliweka kando jambo lenye uzito zaidi, yaani breki za tela lenyewe. Magunia 60 ya kilo 80 ni tani 4.8, na hapo chuma cha tela hakijahesabiwa. Yakifungwa rumbesa, yaani yakijazwa kupita kipimo, uzito huzidi. Trekta la nguvu za farasi 75 lina tani 3 hivi. Kwenye mteremko, basi, kinachosukuma ni kizito kuliko kinachozuia, na tela lisilo na breki hulisukuma trekta ubavuni hadi vyote viwili vijikunje.

Wanaopinga husema breki huongeza bei na matengenezo, na kwamba Usangu ni tambarare. Ni kweli, kwenye njia ya shamba na kwa mwendo wa polepole dereva makini hufika salama. Lakini trekta hukodishwa. Likiitwa kushusha viazi kutoka Matamba hadi Chimala, barabara ina kona zaidi ya 50, na gia iliyochaguliwa kabla ya kuanza kushuka ndiyo itakayomfikisha dereva chini. Akikanyaga klachi katikati, injini haizuii tena chochote.

Kuna pia komeo dogo linalounganisha pedeli mbili za breki za trekta, ya kushoto na ya kulia. Shambani hufunguliwa ili kukata kona, na wengi husahau kulifunga wanapoingia barabarani, hivyo mguu mmoja ukikanyaga pedeli moja, trekta huvutwa upande mmoja huku tela likija kwa nguvu zote. Nimewahi pia kuona pini ya ndoano iliyobadilishwa kwa kipande cha nondo kilichopindwa kwa nyundo, kikivuta magunia yaliyokuwa na vibarua wanne juu yake. Anayekagua tela lililotumika aanze na pini hiyo, kisha aulize kama trekta lake lina tundu la kuunganisha mpira wa breki za tela, kabla ya kuuliza linabeba magunia mangapi.